Kura kwa Askari wa Darjeeling



Mwezi Septemba mwaka 2007, katika mji wa Darjeeling huko India, watu walikuwa wakichangishana fedha. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na harusi. Fedha zile zilikuwa za kupigia kura kwa simu, na kura zote zilikwenda kwa kijana mmoja aliyekuwa akiimba kwenye televisheni.

Kijana yule aliitwa Prashant Tamang. Kwao kulikuwa huko huko Darjeeling, kwenye milima ya chai kaskazini mwa jimbo la West Bengal, jirani na Nepal. Baba yake alikuwa polisi. Alipofariki, mwana alishika kazi ya baba katika polisi ya Kolkata, na huko kazini akawa anaimba kwenye bendi ya askari. Mwaka ule wa 2007 aliingia Indian Idol, shindano la uimbaji la stesheni ya Sony, likiwa katika msimu wake wa tatu. Akavuka mchujo wa kwanza, akavuka wa pili, na kila alipovuka, milima ya kwao ikazidi kumtazama.

Ili kuelewa kilichofuata, inabidi tuwajue watu wake. Ni Wagurkha, wanaosema Kinepali. Ni raia wa India, na wengi wao mababu na mababu wa mababu zao walizaliwa pale pale, wakachuma chai wakati wa Mwingereza na kupigana katika majeshi yake. Hata hivyo Mgurkha akishuka kwenda Delhi au Mumbai ataulizwa ametoka nchi gani. Na kazi ambayo watu wa miji mikubwa wamezoea kumwona akiifanya ni kusimama kwenye lango la nyumba ya mwingine, usiku, na filimbi na kirungu. Katika miaka ya 1980 walidai jimbo lao wenyewe, Gorkhaland, damu ikamwagika, na walichopewa ni baraza la milima. Hawakupewa jimbo.

Sasa fikiria watu hao wanapomwona mmoja wao kwenye televisheni ya taifa. Amevaa suti, taa zinammulika, anaimba kwa Kihindi mbele ya nchi nzima, na majaji wanamwita kwa jina lake. Wakaunda kamati. Wakabandika picha zake kwenye maduka na kwenye magari ya abiria. Sheria ya shindano haikumzuia mtu kupiga kura mara nyingi, ilimradi alipie kila ujumbe, basi wakachanga na kulipa. Fainali ilifanyika tarehe 23 Septemba, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba Prashant alipata kura karibu milioni 70. Wilaya nzima ya Darjeeling wakati ule haikuwa na watu hata milioni mbili.

Nitasema ninavyoona: kwa sauti peke yake, walikuwepo waliomzidi mwaka ule. Alikuwa na sauti laini, ya kupendeza, lakini haikuwa na mapana makubwa. Waliompigia kura nao walikuwa na masikio, walilisikia hilo. Walimpigia hivyo hivyo.

Siku chache baada ya ushindi, mtangazaji mmoja wa redio huko Delhi alifanya mzaha hewani. Maana ya maneno yake ilikuwa kwamba Mgurkha akishakuwa bingwa wa kuimba, malango ya watu yatabaki bila walinzi. Sisi tunaokaa nyuma ya maikrofoni tuna wajibu wa kuisikia sehemu hii kwa makini. Sentensi kama hiyo hutoka kinywani kwa sekunde tano. Tarehe 28 Septemba, katika mji wa Siliguri chini ya milima, watu waliandamana kuipinga, maandamano yakageuka mapambano, magari yakachomwa, ikatangazwa amri ya kutotoka nje, na jeshi likaitwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mtawala wa milima tangu mwaka 1988 alikuwa Subhash Ghising, mwenyekiti wa lile baraza. Yeye hakuonekana kumshabikia Prashant. Aliyesimama mbele kuhamasisha kura alikuwa Bimal Gurung, mtu aliyekuwa chini ya Ghising. Mapema Oktoba 2007, wiki mbili tu baada ya fainali, Gurung alizindua chama kipya, Gorkha Janmukti Morcha, na dai la jimbo la Gorkhaland likafufuka. Mwaka uliofuata Ghising akajiuzulu. Kamati zilizokuwa zikikusanya kura za mwimbaji zilikuwa zimekwisha kuwafunza watu jinsi ya kujipanga mtaa kwa mtaa, na mwanasiasa mwerevu akaikuta kazi imefanyika.

Upande wa pili wa fainali ile una kisa chake, nacho hakisimuliwi sana. Aliyeshindwa na Prashant ni Amit Paul wa Shillong, mji mkuu wa jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Shillong ina jeraha la zamani kati ya Wakhasi, ambao ndio wenyeji, na familia za Kibengali zilizohamia huko. Tangu ghasia za mwaka 1979 wameishi kwa kutazamana kwa jicho la pembeni. Amit ni wa upande wa Wabengali. Na bado Wakhasi walimpigia kura, wakatembea na picha yake, wakashangilia barabarani pamoja na majirani ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kushangilia nao kitu chochote. Serikali ya Meghalaya ikamtangaza kuwa balozi wa amani wa jimbo. Shindano lile lile, mwaka ule ule, liliwasha moto Siliguri na kupoza mwingine Shillong.

Kwa nini kipindi cha televisheni, tena kilichobuniwa Uingereza kwa jina la Pop Idol mwaka 2001, kikawa na nguvu ya namna hii India? Wengi hujibu haraka kwamba ni fedha, au ni ndoto ya utajiri. Jibu hilo halinitoshelezi. Zawadi za fedha zipo kila mahali. Ninaloliona mimi ni kwamba katika nchi ile, kwa muda mrefu sana, aliyeimba hakuonekana.

Turudi nyuma kidogo. Muziki mkubwa wa India, ule unaoimbwa na dereva wa teksi na bibi jikoni, ni muziki wa sinema. Na katika sinema anayeonekana akiimba siye anayeimba. Mwimbaji hukaa studio, akarekodi, kisha mwigizaji akachezesha midomo mbele ya kamera. Mwaka 1949 ilitoka filamu inayoitwa Mahal, na ndani yake wimbo uliotikisa nchi. Kwenye sahani ya santuri jina la mwimbaji liliandikwa Kamini. Kamini hakuwa mtu. Alikuwa mhusika katika hadithi, aliyeigizwa na Madhubala. Wasikilizaji wakaiandama All India Radio wakitaka kujua sauti ile ni ya nani, hata redio ikalazimika kuwauliza wenye santuri na kulitangaza jina hewani. Alikuwa Lata Mangeshkar, binti wa miaka ishirini hivi, aliyekuja kutawala uimbaji wa filamu kwa zaidi ya nusu karne.

Nyuma ya Lata, na nyuma ya waimbaji wenzake Mohammed Rafi na Kishore Kumar, palikuwa na mlango mwembamba. Studio zilikuwa Mumbai. Watunzi wa muziki walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na waimbaji wake. Kijana wa Bihar au wa Assam mwenye koo la dhahabu hakuwa na njia ya kumfikia mtunzi, labda apande treni, alale kwa ndugu, na azunguke studio miaka kadhaa akiomba kusikilizwa. Mashindano yalikuwepo, lakini haba. Mahendra Kapoor, ambaye baadaye sauti yake ilijulikana nchi nzima, alifunguliwa njia na shindano la Metro-Murphy mwaka 1957. Hata Rajesh Khanna, nyota wa kuigiza, alitokana na shindano la vipaji la mwaka 1965. Baada ya hapo wengi walirudi kungoja mlangoni.

Kisha likaja anga la setilaiti. Zee TV ilianza kurusha matangazo mwaka 1992, na mwaka 1995 ikaleta kipindi cha Sa Re Ga Ma, kilichopewa jina la noti za kwanza za muziki wa Kihindi. Mwendeshaji wake wa mwanzo alikuwa Sonu Nigam, kijana ambaye naye alikuwa bado anatafuta nafasi yake. Majaji walikuwa watu wa muziki, wenye kusikiliza kwanza na kusema baadaye. Mwaka 1996 televisheni ya taifa, Doordarshan, ikawa na kipindi chake, Meri Awaz Suno, na mshindi akawa binti mdogo, Sunidhi Chauhan. Leo nyimbo zake hazihesabiki.

Kisa cha Shreya Ghoshal ndicho nikipendacho zaidi, kwa sababu kinaonyesha jinsi mlango ulivyohama. Shreya alikulia Rawatbhata, mji mdogo wa Rajasthan ambako baba yake alifanya kazi ya uhandisi. Alishinda toleo maalumu la watoto la Sa Re Ga Ma. Nyumbani Mumbai, mama mmoja mzee alikuwa akitazama, akamwita mwanawe aje aisikilize sauti ile. Mwana huyo alikuwa Sanjay Leela Bhansali, mwongozaji wa filamu. Aliposikia, alimtafuta binti, na mwaka 2002 Shreya akaimba nyimbo za filamu ya Devdas, akitoa sauti kwa mwigizaji Aishwarya Rai, na kwa kazi hiyo ya kwanza akapata tuzo ya taifa. Hakuzunguka studio. Sauti yake iliingia sebuleni kwa mwenye uamuzi.

Hapa nifungue mabano kidogo kwa ajili yetu tuliokulia pwani. Sinema za Kihindi zilijaza majumba ya Unguja, Tanga na Mombasa kwa miongo mingi, na tuni zake zikaingia katika taarabu. Tulizipenda sauti hizo bila kuzijua sura zake. Na mwishoni mwa mwaka 2021 kijana wa Kimaasai wa mkoa wa Pwani, Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, walichezesha midomo yao kwa wimbo wa Kihindi mbele ya simu, wakiwa na mashuka yao na boma nyuma yao, na India nzima ikawapenda, hata Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja katika hotuba yake ya redio Februari 2022. Wimbo uliowapa umaarufu ule, wa filamu ya Shershaah, uliimbwa na Jubin Nautiyal na Asees Kaur. Jubin alipita katika X Factor ya India mwaka 2011, na Asees alipita katika Indian Idol. Sauti zilizofika mpaka kwenye boma la Kimaasai zilianzia kwenye foleni ya mashindano ya televisheni. Nafunga mabano.

Indian Idol yenyewe ilianza Oktoba 2004. Mshindi wa kwanza, Abhijeet Sawant, kijana wa Mumbai, alipatikana Machi 2005. Kilichokuwa kipya ni simu ya mkononi. Mwaka ule simu zilikuwa zimeanza kushuka bei na kuingia katika mifuko ya watu wa miji midogo, na ghafla mtu wa Bikaner au wa Silchar aliweza kusema neno, na neno lake likahesabiwa Mumbai. Mwaka 2006 msimu wa pili wa Indian Idol ulikwenda kwa Sandeep Acharya wa Bikaner, ukingoni mwa jangwa la Rajasthan. Mwaka huo huo Sa Re Ga Ma Pa, jina ambalo kipindi kile cha Zee kilikuwa kimekwisha kulichukua, ilikwenda kwa Debojit Saha wa Silchar, mji wa Assam ambao watu wengi wa Delhi wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Tazameni orodha ya mabingwa wa Indian Idol wa miaka iliyofuata: Mewat, Bathinda, Champawat, Ayodhya, Kanpur. Ni mabingwa wa miji ya daraja la pili na la tatu, ambayo sinema ilizoea kuipita kwenye treni.

Hili la kura, lakini, tusilipambe kupita kiasi. Kura unayoinunua, na unayoweza kuipiga mara mia, hupimwa kwa mfuko. Kampuni za simu zilipata fungu lao na televisheni ikapata lake, na fukara wa Darjeeling ndiye aliyechanga. Nasema hivyo bila kuwadharau waliochanga. Walijua wanalipia nini.

Kitu kingine walichokifanya Wahindi ni kukigeuza kipindi cha kigeni kikakaa kwa adabu ya kwao. Katika muziki wa kale wa India, mwanafunzi alikwenda kuishi kwa guru, yaani mwalimu wake, akamhudumia, akachota maji, na akajifunza kwa kusikia miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kuimba mbele za watu. Nyumba za muziki, zinazoitwa gharana, zilirithishana elimu hivyo. Televisheni ikauchukua uhusiano huo na kuuweka jukwaani. Mshiriki akipanda, huinama akagusa miguu ya jaji. Wazazi huitwa, nao wakasimama pale, baba akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Katika Dance India Dance, iliyoanza mwaka 2009, mwigizaji Mithun Chakraborty aliketi juu ya majaji wote kama guru mkuu. Ndiyo maana familia nzima hutazama pamoja. Babu anaona heshima anayoitambua, mama anamwona mtoto wa mwenziwe, na kijana anajiona mwenyewe.

Mfano wa jaji ninayemkubali kuliko wote hauko kwenye Kihindi. Uko kwenye Kitelugu, kusini. S. P. Balasubrahmanyam, aliyeimba maelfu ya nyimbo katika lugha nyingi za India na aliyefariki Septemba 2020, aliongoza kipindi kiitwacho Padutha Theeyaga kwenye ETV kuanzia mwaka 1996. Mtoto alipomaliza kuimba, yule mzee alimweleza wimbo ulivyotungwa, nani aliandika maneno, kwa nini silabi hii ivutwe na ile ikatwe, kisha alimwimbia kipande chenyewe ili asikie tofauti. Mtoto alirudi nyumbani na kasoro yake mkononi, akijua jinsi ya kuirekebisha. Na mtazamaji kijijini, ambaye hakuwahi kukaa katika darasa la muziki, alipata darasa bure.

Ngoma nazo zina habari zake. Mwaka 2009 msimu wa kwanza wa India's Got Talent ulikwenda kwa Prince Dance Group kutoka wilaya ya Ganjam, jimbo la Odisha. Wengi wao walikuwa vibarua wa ujenzi, wabeba matofali, na wawili kati yao walikuwa na ulemavu. Walijipaka rangi mwili mzima, wakapandana na kupangana wakajenga kwa miili yao maumbo ya Krishna na miungu mingine, na ukiwatazama husemi hata kidogo kwamba unawahurumia. Unashangaa tu. Miaka kumi baadaye V Unbeatable, vijana wa mitaa ya mabanda ya Mumbai, waliotoka kwenye kipindi cha Dance Plus, walikwenda Marekani na kurushana hewani hadi watu wakashika vichwa, na mwaka 2020 wakashinda America's Got Talent: The Champions. Walivaa fulana zenye jina la Vikas, mwenzao aliyefariki baada ya kuumia mazoezini. Jina hilo lilikuwa mgongoni mwao, na linatukumbusha kwamba michezo ile hufanywa na vijana wasio na magodoro mazuri wala daktari wa timu.

Nafika sasa kwenye jambo linaloniuma.

Kwa kuwa watazamaji walimpenda mtu aliyetoka chini, waandaaji walijifunza kuyauza hayo ya chini. Msimu hadi msimu, dakika za kuimba zimepungua na dakika za kulia zimeongezeka. Kabla kijana hajafungua kinywa tumekwisha kuonyeshwa paa linalovuja, mama anayefua nguo za watu, na kaburi la baba. Sunny Hindustani wa Bathinda, bingwa wa Indian Idol wa mwaka 2020, alikuwa akipiga viatu rangi, na mama yake aliuza maputo. Ni kweli, na ni habari ya kuheshimiwa. Lakini hebu msikilizeni Sunny akiimba. Hakusomea muziki popote, alijifunza kwa kusikiliza kanda za mwimbaji Nusrat Fateh Ali Khan, na akipandisha sauti, unasikia mtu aliyekesha na kanda zile mpaka zikaingia kwenye mifupa. Hiyo ndiyo habari yake kubwa. Brashi ya viatu haielezi alivyojifunza kuimba vile, na kila mara kamera ilipoirudia, ilituibia muda wa kumsikiliza.

Na kwa majaji, mambo yamekwenda vivyo hivyo. Mwezi Mei 2021, Indian Idol ilifanya kipindi maalumu cha kumkumbuka Kishore Kumar, na mwanawe, Amit Kumar, ambaye pia ni mwimbaji, akaalikwa kuwa mgeni. Watazamaji walilalamika kwamba nyimbo za marehemu ziliimbwa vibaya. Amit mwenyewe akawaambia waandishi wa habari kwamba hakukifurahia kipindi kile, na kwamba alikuwa ameambiwa amsifu kila mmoja. Mtoto wa Kishore Kumar ameketi pale, nyimbo za baba yake zinaharibiwa, naye anatakiwa apige makofi! Nani amesaidiwa na sifa ile? Mwimbaji hakusaidika, kwa kuwa kesho atasimama mbele ya mtunzi katika studio, na mtunzi hatamwambia uongo. Msikilizaji naye hakusaidika, maana sikio lake limeambiwa likubali kibovu.

Kwa watoto nina neno kali zaidi. Vipindi vya watoto wanaoshindana vimekuwepo India kwa miaka mingi, na vimetoa waimbaji wa kweli. Lakini mwaka 2017 mwongozaji Shoojit Sircar aliziomba mamlaka zivipige marufuku, akisema vinawaharibu watoto, na mwaka 2019 wizara ya habari ya India ikazionya stesheni kuhusu watoto wanaochezeshwa ngoma za kikubwa, kwa mavazi na mikao isiyo ya umri wao. Mimi nakubaliana na Sircar kuhusu mchujo. Mtoto wa miaka tisa kuimba mbele za watu ni furaha. Mtoto wa miaka tisa kusimamishwa chini ya taa, muziki wa huzuni ukipigwa, akingoja kutajwa kwamba ndiye anayetolewa usiku huu, huku kamera ikisogea karibu kuliwahi chozi, huko ni kumtumia. Aimbe, apewe maua, arudi shule.

Na wanaotolewa, hata wakiwa wakubwa, huenda wapi? Hata bingwa mwenyewe hupata mkataba, albamu moja, maonyesho ya mwaka mmoja, kisha msimu mpya huanza na bingwa mpya. Kati ya waliotwaa mataji, wachache ndio waliodumu katika uimbaji wa filamu. Neha Kakkar, ambaye utotoni aliimba nyimbo za ibada kwenye mikesha ya kidini na familia yake, aliingia Indian Idol msimu wa pili na akatolewa. Baadaye akawa mmoja wa waimbaji wanaosikilizwa sana India, akarudi kwenye jukwaa lile lile akiwa jaji. Kazi ya studio huanza pale kipindi kinapokwisha, na haina makofi.

Mwaka 2005 Sony ilikuwa na shindano jingine, Fame Gurukul, ambalo washiriki waliishi na kusoma muziki pamoja. Walioshinda ni Qazi Touqeer wa Kashmir na Ruprekha Banerjee. Kijana mmoja wa miaka kumi na minane kutoka Jiaganj, mji mdogo wa wilaya ya Murshidabad, alitolewa kwa kura akishika nafasi ya sita. Alishinda shindano dogo jingine, na kwa fedha zile akajijengea chumba cha kurekodia. Akakaa humo akiwapangia wenzake muziki, akamsaidia mtunzi Pritam na watunzi wengine kupanga sauti, akirekodi nyimbo za majaribio ambazo nyingine alipewa mwimbaji mwingine. Jina lake ni Arijit Singh. Wimbo ulioifanya India nzima imjue, Tum Hi Ho wa filamu ya Aashiqui 2, ulitoka mwaka 2013, miaka minane baada ya watazamaji kumtoa.